Kipima chumvi cha elektrodi nne: uzoefu wangu baada ya miezi mitano

Nina mtambo mdogo wa kuchuja maji ya chumvi Kigamboni. Kisima kinatoa maji ya maikrosimensi (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme) kama 3,400 kwa sentimita, na yakipita kwenye memberini, yaani utando unaozuia chumvi, yanabaki kati ya 80 na 100. Hayo ndiyo tunayouza kwa madumu. Kwenye bomba la maji safi kuna kihisi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi umeme unapita kirahisi, namba inapanda. Nilikuwa nimepanga ikivuka 300 king'ora kilie na pampu ijizime. Nikalala usingizi.

Kisha namba ikaanza kushuka. 85, 72, mpaka 60. Nikafurahi sana, nikadhani memberini nilizobadilisha ndizo zinafanya kazi nzuri. Aliyenizindua ni mama mmoja anayechukua madumu matatu kila asubuhi: "Kaka, mbona chai ya maji yako siku hizi ina chumvi?" Nikachovya kipima cha mkononi. 480! Oringi (pete ya mpira ya kuzibia) ilikuwa imechanika, maji ya kisima yanajipenyeza upande wa maji safi, na kifaa cha ukutani kinasema 60. Kati ya wateja wangu kuna wazee wenye presha walioambiwa na daktari wapunguze chumvi. Siku ile sikula.

Tatizo lilikuwa kwenye kiungio cha waya. Hewa ya bahari ilikuwa imekula shaba mpaka imeota ukijani. Kihisi changu kilikuwa cha elektrodi mbili, yaani ncha mbili zinazogusa maji na kupitisha umeme, na aina hiyo haijui kutofautisha ukinzani (ugumu wa umeme kupita) wa maji na ukinzani wa kutu. Vyote inavijumlisha, na ukinzani ukiongezeka namba inashuka. Kwa kazi yetu hili ni jambo la hatari mno, kwa sababu kihisi kikichakaa kinaelekea kusema maji ni mazuri zaidi. Hata waya ukikatika kabisa kitasoma sifuri, yaani maji masafi kuliko ya mvua. King'ora changu kilikuwa kinasubiri namba ipande tu.

Ndipo nikanunua hiki kipya. Bei yake ni karibu mara tatu ya kile cha zamani, na kwa siku mbili nilisita. Kina elektrodi nne: mbili zinasukuma mkondo, mbili zinapima volteji ndani ya maji. Hizi za kupima karibu hazibebi mkondo, kwa hiyo kutu kidogo au utando mwembamba hauivurugi namba. Halafu kifaa kinaangalia kinatumia nguvu kiasi gani kusukuma mkondo wake. Nguvu ikipanda kupita kawaida, kinaelewa kwamba elektrodi zimefunikwa au waya una shida, na kinatangaza.

Sikutaka kuamini maneno ya muuzaji, nikakitesa mwenyewe kwenye ndoo. Nilipokiinua hewani, kilitoa onyo kwamba hakina maji. Nikabandika selotepu juu ya elektrodi moja ya nje: onyo, haikufika dakika. Nikachomoa waya wa kihisi cha joto: onyo papo hapo. Kwenye maji ya kusawazishia, yaani yenye kipimo kinachojulikana, ya 1,413 kwa nyuzi 25 kilisoma 1,405, nami nimeridhika. Kinachonifurahisha zaidi ni ishara yake. Kikiwa kizima kinatuma namba yake kwa mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Kikiona hitilafu kinatuma 22. Nimepanga pampu izime ikipokea 22, na izime pia mkondo ukishuka chini ya 3.6, maana hapo waya umekatika.

Ila kuna mambo mawili kilishindwa kuyaona, na anayetaka kununua ayajue. La kwanza ni joto. Upitishaji umeme wa maji hupanda takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi moja, ndiyo maana kifaa hupima joto na kurudisha hesabu kwenye nyuzi 25. Simtanki langu jeusi juani hufikisha maji nyuzi 33. Niliondoa kihisi cha joto nikaweka rezista (kipande chenye ukinzani maalumu) ya omu 1,100 mahali pake. Kifaa kikaamini ni nyuzi 25 na ushee, namba ikakosea kwa asilimia kama 15, na hakikusema kitu. Kihisi cha joto kilichokatika kinakamatwa, kinachodanganya kidogo hakikamatwi. Sasa kila wiki nalinganisha na kipimajoto cha kawaida.

La pili ni hewa. Fundi alikifunga juu ya bomba lililolala, povu likajikusanya pale kwenye elektrodi, namba ikashuka bila onyo lolote. Tulikihamishia kwenye bomba lililosimama ambalo maji yanapanda, shida ikaisha.

Nakumbusha pia kwamba kifaa cha aina hii kinaona chumvi tu. Vijidudu hakivioni, kwa hiyo taa ya kuulia vijidudu na vipimo vya maabara vinaendelea kama kawaida.

Kile cha zamani sikukitupa. Nilikata kiungio kibovu, nikalehemu upya, kisha nikakikagua kwa rezista ya omu 1,000 iliyowekwa mahali pa kihisi. Kwa kihisi chenye konstanti ya 1 (namba inayotokana na ukubwa wa elektrodi na umbali kati yao), kifaa kizima kinatakiwa kusoma 1,000. Kilisoma 998, kwa hiyo kifaa chenyewe hakikuwa na kosa. Sasa kinapima maji ya kisima, na safari hii nimekiwekea king'ora pande zote mbili: namba ikipanda kupita 4,000 kinalia, na ikishuka chini ya 2,500 kinalia.