Kliniki ya jamii hapa Houston: bei nafuu kweli, lakini simu yao usiitegemee

Natoa nyota nne. Ya tano nimeinyima makusudi, sababu iko chini.

Nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani na wakala wangu hatoi bima. Medicaid nayo, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa mtu mzima ambaye hajazeeka, asiye na mtoto wa kulea, mimba wala ulemavu, sahau kabisa. Texas ilikataa kuipanua itufikie watu kama sisi. Presha yangu ilikuwa inaishi kwa vidonge vya kubebewa na wageni kutoka Nairobi.

Kliniki za jamii kama hii zinapata fedha za serikali kuu, na kwa sharti hilo hawaruhusiwi kumfukuza mgonjwa eti hana pesa. Unalipa kulingana na kipato chako. Kiwango cha umaskini cha serikali mwaka 2025 kwa mtu mmoja kilikuwa dola 15,650 kwa mwaka. Aliye chini ya kiwango hicho analipa ada ndogo tu, na kuanzia hapo mpaka mara mbili yake (31,300 kwa mwaka huo) kuna punguzo la ngazi kwa ngazi. Mimi niliangukia katikati: dola 35 kumwona daktari. Beba karatasi za mshahara na kitambulisho, na uulize mapema kama vipimo vya damu vimo kwenye hiyo bei.

Dawa ndipo nilipofurahi zaidi. Wana mpango unaoitwa 340B, wananunua kwa watengenezaji kwa bei ya chini, na amlodipini, dawa yangu ya presha, ya miezi mitatu haikufikia hata hela ya mafuta ya gari ya wiki.

Siku hiyo nilikaa karibu na mama mmoja wa Bukavu aliyekuja na binti yake wa shule ili amtafsirie. Nesi akamwambia mtoto afungue daftari lake afanye hesabu, kisha akaleta tableti yenye mkalimani wa Kiswahili. Mkalimani alikuwa Mtanzania kwa lafudhi yake. Kila mmoja alimwomba mwenzake arudie, wakacheka, wakaelewana. Mama alieleza mambo ya tumbo la uzazi ambayo hakika asingeyasema kupitia kinywa cha mwanawe.

Tena wazo lenyewe la kliniki hizi lina mizizi kwetu Afrika. Daktari Jack Geiger, mmoja wa walioanzisha kliniki hizi Marekani katika miaka ya 1960, alijifunza kwanza kwenye kituo cha Pholela, Afrika Kusini. Baadaye kwenye kliniki yake kule Mound Bayou, Mississippi, watoto wenye utapiamlo wakawa wanaandikiwa chakula kama dawa, na bili inalipwa na bajeti ya duka la dawa. Huyo ndiye daktari!

Sasa simu. Unasikiliza muziki mpaka chakula cha mchana kinaisha, halafu inakatika. Nenda mwenyewe asubuhi kabla hawajafungua. Wanaacha nafasi chache za watu wa siku hiyo hiyo. Meno, jiandae kungoja miezi.

Na rufaa ni shida kubwa zaidi. Daktari akitaka uonwe na mtaalamu wa moyo, huko nje ile bei ya kipato haikufuati. Hilo si kosa lao, ila waseme mapema. Kabla hujaondoka muulize karani wa rufaa kuhusu kadi ya msaada wa malipo ya hospitali za kaunti, maana mimi hakuna aliyenitajia, nilidokezewa na mgonjwa mwenzangu kwenye foleni.