Uzoefu wangu wa kununua na kupika trauti aina ya steelhead hapa Dodoma

Samaki tuliowazoea Dodoma ni sato na sangara wa Ziwa Victoria, kambale na perege wa Bwawa la Mtera, pamoja na dagaa ambao hawakosekani soko la Majengo. Duka moja la vyakula vilivyogandishwa hapa mjini sasa linauza pia minofu ya trauti, ile ambayo pakiti yake huandikwa jina la steelhead, nami nimekwisha kuinunua na kuipika vya kutosha kuweza kumweleza mtu anayejiuliza kama inastahili bei yake. Bei si ndogo: fedha inayonunua nusu kilo ya minofu hii hununua sato wa kuwatosha watu wengi zaidi mezani. Kwa maoni yangu inastahili, lakini kwa masharti mawili. La kwanza ni kwamba ubaridi usiwe umekatika kati ya bandarini na friza la dukani. La pili ni kwamba mpishi akubali kuacha kumkausha samaki kwa moto kama tulivyolelewa. Sharti la pili ndilo linalowashinda wengi.

Ni vizuri kwanza kumjua samaki mwenyewe, kwa kuwa maelezo ya dukani si ya kutegemewa. Kijana wa mauzo aliniambia, “Mama, huyu ni salmoni tu, wamembadilisha jina.” Sivyo. Salmoni wa Atlantiki huandikwa kwenye lebo kwa jina la kisayansi Salmo salar, ilhali steelhead ni Oncorhynchus mykiss, spishi ileile ya trauti waliopandikizwa enzi za ukoloni katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Tofauti yake na trauti hao wa mlimani ipo kwenye maisha yake: steelhead huzaliwa mtoni, hushuka baharini na kunenepea huko, kisha hurejea mtoni kutaga. Asili yake ni mito inayomwaga maji katika Bahari ya Pasifiki, upande wa magharibi wa Amerika Kaskazini na katika rasi ya Kamchatka nchini Urusi. Hawa wa kwenye pakiti niliyonunua, hata hivyo, hawakuvuliwa mtoni. Lebo inaeleza kwamba walifugwa Norway. Mnofu wake una mafuta mengi kuliko wa sato, una nyuzi laini, na rangi yake ni ya chungwa iliyokolea.

Rangi hiyo imezua maneno. Jirani yangu alipoiona alishika kiuno, akasema, “Mama, hawa wametiwa rangi hawa.” Ukweli ni kwamba samaki huyu anapoishi baharini hupata rangi hiyo kwa kula kamba wadogo na viumbe wa jamii yao, wenye kemikali ya asili iitwayo astazanthini, na anapofugwa kemikali hiyo huchanganywa katika chakula chake. Haipakwi juu ya mnofu. Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba wekundu mkali hauonyeshi kuwa samaki ni mbichi zaidi wala bora zaidi; unaonyesha tu alichokula. Wauzaji wengi husifia pakiti kwa rangi, nami sasa rangi ndicho kitu cha mwisho ninachoangalia.

Ninachoangalia kwanza ni barafu. Minofu hii hufika hapa kwa barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, mwendo wa takriban kilometa 450 wenye joto kali, na ikishafika, friza la dukani nalo linategemea umeme. Pakiti iliyowahi kuyeyuka ikagandishwa tena hujitangaza yenyewe kwa mtu mwenye subira ya kuigeuza mkononi: maji yaliyotoka kwenye mnofu huwa yamekusanyika kona moja na kuganda kama kipande cha barafu chenye rangi ya waridi, na mnofu wenyewe huwa umepinda kufuata umbo la kitu ulichokilalia ulipokuwa laini. Pakiti nzuri imenyonywa hewa, plastiki imeshikamana na mnofu pande zote, na ukiigonga kwa kucha hutoa mlio mkavu. Mabaka meupe yaliyokauka pembezoni ni dalili kwamba hewa iliingia na baridi ikanyonya maji ya nyama. Samaki wa namna hiyo hana sumu, ila sehemu hiyo italiwa kama karatasi. Tarehe ya mwisho wa matumizi naisoma, lakini siipi uzito kama dalili hizi, maana tarehe huchapishwa kiwandani na haijui yaliyotokea njiani.

Kuhusu kipande, napendekeza cha katikati, kuanzia nyuma ya kichwa hadi pale tumbo linapoishia, kwa sababu unene wake unalingana na kitaiva kwa pamoja. Kipande cha mkiani huwa rahisi kidogo, nacho si kibaya, ila ni chembamba na huiva upesi mno. Chagua chenye ngozi. Ngozi hulinda nyama isiungue, na ikikaangwa vizuri watoto hugombania.

Duka lenyewe nalipa sifa kwa mambo mawili na kulilaumu kwa moja. Mafriza yao ni safi na hayajazwi kupita mstari, na wanamruhusu mteja kuchambua pakiti bila kumnunia. Lawama ni juu ya huduma ya kuletewa nyumbani: niliagiza kwa simu, na bodaboda akafika mchana wa jua kali akiwa na samaki ndani ya mfuko wa kawaida, bila barafu, pakiti ikiwa imeanza kulegea. Niliirudisha na wakanibadilishia bila ubishi, jambo ambalo ni la kiungwana, lakini pakiti niliyoirudisha sijui kama haikurudi frizani kumsubiri mteja mwingine. Tangu hapo naenda mwenyewe na kasha la barafu, na samaki ndiye kitu cha mwisho kununua kabla ya kurudi nyumbani.

Kuyeyusha barafu ni kazi ya usiku mmoja ndani ya jokofu, si ya saa moja juani au kwenye beseni la maji ya moto. Kabla ya kuuweka mnofu jokofuni, fungua au toboa pakiti iliyonyonywa hewa. Wengi hawalijui hili: kuna bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu ambao hustawi pasipo hewa, na baadhi yao huweza kukua hata katika baridi ya jokofu, kwa hiyo samaki anayeyeyuka ndani ya plastiki iliyofungwa kabisa huwa amewekewa mazingira wanayoyapenda. Mimi huutoa mnofu kabisa, nikauweka kwenye sahani yenye karatasi ya jikoni chini yake, nikaufunika.

Asubuhi ninapitisha kidole juu ya nyama kutoka upande wa kichwa kuelekea mkiani. Viwanda husema vimetoa miiba, lakini ipo midogo inayobaki katika mstari mmoja kwenye sehemu nene, nayo huchomoza kidogo kidole kinapopita. Hutolewa kwa kibano safi, kwa kuivuta kufuata mwelekeo ilikolalia. Ukiivuta wima inachana nyama. Magamba ya steelhead ni madogo sana, hivyo kupara kwa mgongo wa kisu kunatosha. Siuoshi mnofu kwa ndimu na maji mengi kama tunavyoosha samaki wa sokoni. Najua wapo watakaoshtuka. Samaki huyu akiwa salama hana shombo la kuondolewa, na ndimu ikikaa juu yake muda mrefu huanza kuibadilisha nyama ikawa nyeupe na ngumu kabla haijaona moto. Kama ananuka vumba hata kabla ya kuguswa, dawa yake si ndimu, ni kumrudisha dukani.

Viungo ni vichache. Kwanza naulowesha mnofu kwa dakika 10 katika maji baridi yenye chumvi, gramu 50 kwa lita moja, kisha naukausha kabisa kwa karatasi. Maji hayo ya chumvi huukoleza mnofu na hupunguza ule utando mweupe unaochuruzika juu ya samaki wakati wa kupika, ambao ni protini ya nyama yenyewe na wala si uchafu. Baada ya hapo ni pilipili manga kidogo, kitunguu saumu kilichopondwa kwa upande wa nyama tu, na mafuta ya alizeti, ambayo katika kanda hii ya Singida na Dodoma hatuna sababu ya kuyatafuta mbali. Bizari, tangawizi na binzari nyembamba zote naziacha kabatini. Viungo hivyo vilibuniwa kwa samaki anayehitaji kusaidiwa ladha, na huyu hahitaji.

Njia ninayoiamini zaidi ni kikaango kizito juu ya jiko la gesi. Mafuta yapate moto wa wastani, mnofu ulazwe ngozi ikiwa chini, na ukandamizwe kwa mwiko mpana kwa sekunde chache ili ngozi isijikunje. Kisha uachwe. Usiuguse, usiugeuze, usiuchungulie chini. Rangi ya nyama iliyoiva itaonekana ikipanda taratibu kutoka chini kwenda juu upande wa pembeni, na ikifika karibu theluthi mbili ya unene, ngozi huwa imekauka na huachia kikaango yenyewe. Hapo ndipo unageuzwa kwa muda mfupi, dakika moja hivi, na kuondolewa. Mnofu wenye unene wa sentimita 2.5 huchukua takriban dakika 8 hadi 10 kwa jumla, na wa mkiani nusu ya hapo.

Kwa wenye oveni, nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 12 hadi 15 zinatosha kipande cha katikati. Asiye na oveni anaweza kuufunga mnofu katika karatasi ya foili, akauweka ndani ya sufuria nzito yenye kifuniko juu ya mkaa uliopoa kidogo, na kuweka makaa machache juu ya kifuniko, kama tunavyopalia wali. Ngozi haitakauka, lakini nyama hutoka na majimaji yake yote.

Kipimajoto cha jikoni kinamaliza ubishi wote wa kuiva au kutoiva. Mamlaka za usalama wa chakula nchini Marekani zinataka samaki afikie nyuzi 63 katikati ya mnofu, na kiwango hicho ndicho ninachokifuata ninapowapikia wazee, watoto wadogo au mjamzito. Kwangu mwenyewe naondoa motoni kwenye nyuzi 55 hivi, kwa kuwa joto huendelea kupanda kidogo sahanini na nyama hubaki na unyevu. Anayefanya hivyo ajue kwamba amechagua ladha kuliko tahadhari kamili. Atakayetaka kukijaribu kipimajoto chake katika maji yanayochemka asishangae kikisoma nyuzi 96 badala ya 100, maana Dodoma ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huku huchemka mapema. Kipimajoto hakijaharibika.

Mchuzi wa nazi sikuupenda kwa samaki huyu. Tui lina mafuta, mnofu una mafuta, na kinachotoka ni kitu kizito kinachokinaisha kabla sahani haijafika nusu, tena nyama inasambaratika ndani ya chungu. Kwa nazi sato anamshinda waziwazi, na kwa kukaanga hadi akauke perege anamshinda, kwa hiyo mwenye nia ya kupika hivyo asitupe fedha yake. Shemeji yangu, ambaye hasadiki samaki ambaye hajalia kwenye mafuta mengi, aliomba kipande chake kirudishwe jikoni. Kilirudi kikiwa kikavu na kikali ladha, na yeye mwenyewe akasema heri kambale.

Mezani anahitaji kitu kikavu au kichachu kando yake. Wali mweupe unafaa, viazi vya kuchemsha vinafaa, na kachumbari ya embe bichi yenye pilipili inafaa kuliko vyote. Nimemla pia na ugali wa uwele. Ugali wenyewe ulimfaa, lakini mlenda tuliouzoea nao uliufanya mlo mzima kuwa laini kupita kiasi, hivyo naweka mchicha uliokaangwa kidogo. Msimu wa zabibu unapofika, zile chachu za mashamba ya jirani, zikikatwa vipande viwili na kupitishwa katika kikaango chenye mafuta yaliyobaki na chumvi kidogo, hufanya kazi ya ndimu vizuri zaidi kuliko ndimu.

Kinachobaki nakiweka jokofuni na kukila kikiwa baridi kesho yake, kikiwa kimechambuliwa na kuchanganywa na kitunguu ndani ya chapati. Kukipasha moto upya sikushauri, kwa sababu hapo ndipo shombo ambalo halikuwepo jana hujitokeza na kujaa nyumba nzima. Kwa familia ya watu wawili au watatu pakiti moja inatosha mlo mmoja na mabaki hayo. Kwa nyumba yenye watu wengi bado nitaendelea kwenda Majengo kwa sato, na trauti nitamnunua siku ambazo mezani tuko wachache.