Gemu za RPG za fantasia kwa mtu asiyependa kugraindi

Kabla hujatoa hela yako kwa RPG, yaani gemu ya kucheza kama mhusika na kumkuza, uliza kitu kimoja tu, kwenye hii gemu XP (pointi za uzoefu zinazompandisha mhusika levo) zinatoka wapi? Maana kama zinatoka kwa kuua tu na maadui wanarudi kila ukitoka na kuingia, kuna mahali utakwama kwa bosi, yaani adui mkubwa, na dawa yake itakuwa kuzunguka porini kupiga vijidudu vilevile mpaka levo ipande. Huko ndiko kugraindi. Wapo wanaoipenda hiyo kazi na siwasemi vibaya, ila mimi nataka stori isonge.

Kwa hapo Baldur's Gate 3 ndio inanikosha kuliko zote. Ilitoka 2023, ya Larian, na humo adui ukishamuua kwa kawaida ndio basi, harudi, yaani hata ukitaka kugraindi huna pa kugraindia. XP unapata ukimaliza misheni, ukigundua sehemu mpya, na mara nyingi hata ukimlainisha mtu kwa maneno mkaachana bila kupigana unapewa. Levo zinaishia 12, na ukizurura vizuri unafika huko kabla gemu haijaisha. Kwa hiyo bosi akikuchapa unabadilisha mbinu, panda juu umtandike mishale, mwaga mafuta chini uwashe moto, msukume shimoni huko, na kama mhusika wako umemjenga vibaya kuna jamaa anaitwa Withers pale kambini, unampa dhahabu 100 unampanga upya. Hiyo ni heshima kwa muda wa mchezaji kabisa. Kasoro yake maandishi ni mengi, na vita ni vya zamu kwa zamu, kwa hiyo mpenda kubonyeza harakaharaka atachoka.

Chrono Trigger ni ya 1995 lakini hadi leo wengi hawajaifikia kwa hili. Maadui wengi unawaona kabla, vita vinaanza palepale walipo bila skrini kukuhamishia uwanja mwingine, na ukifuata stori tu bila kukimbiakimbia kila pambano levo zinakutosha, halafu wahusika wanaunganisha mashambulizi wawili au watatu kwa pamoja, kwa hiyo kujua nani umpange na nani kunasaidia kuliko levo. Na ni fupi, haikumalizi miezi.

The Witcher 3 nayo nzuri, XP nyingi zinatoka kwenye misheni na kuua majini porini kunalipa kidogo sana. Kubwa mno lakini. Na hapa watu wanachanganya, gemu ndefu sio lazima iwe ya kugraindi, kama kila saa inakupa mtu mpya na kisa kipya hiyo sio graindi, ni gemu ina mengi.

Undertale unaweza kuimaliza bila kuua hata mmoja, levo yako inabaki 1 mpaka mwisho, unachopandisha ni wepesi wa kukwepa na kuwaelewa unaokutana nao.

Kwa wapenzi wa Final Fantasy za zamani, tafuteni zile Pixel Remaster zilizotoka kwenye konsoli 2023, unaweza kuzima yale mapambano ya kushtukiza au kuzidisha XP hadi mara 4. Nazipenda, ila ujue ni kiraka, ramani zenyewe zilijengwa mtu akiwa anapigana kila hatua chache, kwa hiyo ukizima muda wote kuna sehemu zinabaki tupu. Mimi ningezima tu pale ninaporudi njia niliyoshapita.

Ya kukwepa ni Dragon Quest ya kwanza, ile ya 1986 yenyewe. Shujaa yuko peke yake, hana kikosi, na hela ya panga na ngao inatoka hukohuko kwenye kupiga vijidudu, yaani graindi ndio gemu. Naiheshimu kwa njia iliyofungua, ila sio ya kumpa mtu mwenye kazi na familia.

Anayeanza kabisa achukue Chrono Trigger, ipo hadi kwenye simu, akishazoea kupanga kikosi ndio aingie Baldur's Gate 3.