Prosesa iliyokuwa ikijibana: uzoefu wangu na ThrottleStop

Laptopu yangu ya gemu ina prosesa ya i7-9750H, viini 6, toleo la 2019. Spidi yake ya msingi ni GHz 2.6, na ikisukumwa inapanda hadi 4.5. Mimi nimeiona kwenye 0.8, na si mara moja. Kwa wiki kama tatu mchezo ulikuwa uleule: nipo katikati ya pambano, fremu 90 kwa sekunde, ghafla picha inaanza kusogea moja moja, sauti inakatakata, na mtu wangu anauawa amesimama wima kama mlingoti. Baada ya sekunde kumi au ishirini mambo yanarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Fundi niliyempelekea alifungua gemu, akacheza dakika tano, akasema mashine haina shida, nipige Windows upya. Nikapiga. Jioni nzima ikaishia kwenye kupakua magemu upya, na tatizo nikalikuta palepale nilipoliacha.

Ndipo nikashusha ThrottleStop, programu ya bure ya Kevin Glynn inayokuonyesha nini kinaipunguza spidi prosesa na kukuruhusu kurekebisha baadhi ya vikomo vyake. Ni ya Windows na prosesa za Intel tu. Mwenye AMD asijisumbue. Ukiifungua mara ya kwanza unaweza kuifunga palepale, maana ni vijisanduku, namba na vifupisho vilivyobanana, na hakuna mahali panapokuambia uanzie wapi. Nami nikafanya kosa la haraka: niliangalia namba moja tu, ya joto. Ilikuwa nyuzi 97. Prosesa hii kikomo chake ni 100, kwa hiyo nikasema basi, mwizi nimempata.

Nikafungua kifuniko cha chini. Kwa nje matundu yalionekana masafi kabisa, na kwa miezi nilikuwa nayapuliza nikijiona mtunzaji hodari. Kumbe vumbi halikai hapo. Linakaa ndani, kati ya feni na vile vibati vyembamba vinavyotolea joto, mahali ambapo ukipuliza kwa nje unalisukuma tu lirudi kwenye feni. Nililivuta kwa kibano likatoka zima, kipande cha kijivu kilichoshikana kama blanketi kuukuu, kikiwa na umbo lilelile la mdomo wa feni. Nikakiweka mezani nikakitazama kwa muda. Feni ilikuwa inahangaika kupitisha hewa kwenye godoro.

Pesti ya prosesa, ile ya kupitisha joto kwenda kwenye bati la shaba, nayo ilikuwa imekauka na kupasukapasuka kama chokaa ya ukuta wa zamani. Nikaifuta kwa spiriti, nikapaka mpya, nikarudisha skrubu kwa kufuata namba zilizochapwa pembeni yake. Hizo namba usizidharau: ukikaza upande mmoja hadi mwisho ndipo uende mwingine, bati la shaba linakaa mshazari na pesti inakimbilia upande mmoja. Joto likashuka kutoka 97 hadi 84. Nilicheza nusu saa nikiwa na furaha ya ajabu, kisha ikaganda.

Hapo ningepaswa kutulia na kufikiri. Badala yake nikaenda kwenye kupunguza volti, jambo ambalo ndilo lililoipa ThrottleStop umaarufu. Wazo lenyewe ni zuri: kiwandani kila prosesa inapewa volti za akiba ili hata ile dhaifu kuliko zote ifanye kazi, na huenda ya kwako haizihitaji zote. Unafungua dirisha la FIVR, ndilo la volti, unapunguza kidogo kwenye viini na kwenye kashe (kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa) kwa kiwango kilekile, unajaribu, unapunguza tena. Kwenye milivolti 80 mambo safi. Kwenye 100 safi. Kwenye 125 nikapata skrini ya bluu kabla hata sijafungua gemu. Nikarudi 95, joto likashuka nyuzi nyingine tano. Kuganda kukaendelea.

Kisha nikafanya ujinga ambao hadi leo unaniuma. Nikaona mtengenezaji wa laptopu ametoa BIOS mpya, yaani programu ya msingi inayoiwasha mashine, nikasema huenda dawa imo humo. Mashine ilipowaka tena, dirisha la FIVR lilikuwa limeandikwa Locked. Kupunguza volti kumefungwa. Sababu yake inajulikana: Desemba 2019 watafiti walitangaza udhaifu walioupa jina la Plundervolt, wakionyesha kwamba mtu mwenye mamlaka kamili juu ya kompyuta anaweza kuchezea volti za prosesa hadi akapenya sehemu yake ya kuhifadhi siri, iitwayo SGX. Dawa ikawa kufunga mlango huo kupitia BIOS. Nawaelewa. Ila kwa mtu anayecheza gemu chumbani kwake, ni kama kuziba dirisha kwa sababu benki iliibiwa. Kwenye laptopu yangu kurudi BIOS ya zamani hakukubaliki, nilijaribu. Kwa hiyo ukiwa na mashine ambayo bado inakubali kupunguza volti, soma maelezo ya BIOS mpya kabla hujabonyeza.

Nikiwa sina tena cha kuchezea, ndipo nikafungua dirisha la Limits. Lingekuwa la kwanza. Linaonyesha kwa rangi ni nini kinachoibana prosesa: chekundu kinabana sasa hivi, cha njano kiliwahi kubana kabla. Nikabonyeza Clear, nikaanza gemu, nikaliacha wazi kwenye skrini ya pili.

Dakika za mwanzo PL1 ikawa inawaka. Hiyo si ugonjwa. PL1 ni kikomo cha wati za muda mrefu, kwangu 45. Prosesa inaruhusiwa kukivuka kwa muda mfupi, kwangu sekunde 28, kisha inarudi ndani ya mstari. Na ile 4.5 inayoandikwa kwenye boksi ni ya kiini kimoja tu. Vyote sita vikifanya kazi mwisho wake ni 4.0. Kwa hiyo mtu anayeona prosesa yake inashuka kutoka 4.0 hadi 3.3 akilalamika kwamba imeharibika, mara nyingi halalamikii chochote. Mimi mwenyewe nilikuwa nalalamika.

Kisha ikaganda. Spidi GHz 0.8, joto nyuzi 71 tu, na kijisanduku cha PROCHOT chekundu. Nilikaa nikitazama zile namba mbili kwa pamoja. Joto linapobana prosesa, spidi inashuka kidogo kidogo huku nyuzi zikigota karibu na 100. Yangu ilikuwa imetupwa chini moja kwa moja ikiwa na nyuzi 71. PROCHOT ni kengele ya "nimechemka", na kuna aina yake, BD PROCHOT, ambayo inapigwa kutoka nje: sehemu nyingine ya ubao ikiona hatari inaipigia prosesa kengele, nayo inatii bila kuuliza. Mtu mwingine kabisa alikuwa anapiga kengele.

ThrottleStop inakuruhusu kuondoa tiki ya BD PROCHOT ili prosesa iwe kiziwi. Nikaiondoa. Siku mbili za raha, haikuganda hata mara moja. Siku ya tatu, saa mbili ndani ya gemu, nikaona betri ina asilimia 61. Chaja ilikuwa imechomekwa muda wote.

Mdogo wangu alikuwa amelala kitandani na simu yake, akasema bila hata kunitazama, "Kaka, si nilikwambia kila ukiivuta karibu ndiyo inaganda?"

Alikuwa ameniambia kweli. Wiki ya kwanza. Nilimjibu vibaya.

Nikachomoa chaja nikaangalia ncha yake kwa tochi. Katikati ya tundu la plagi kuna pini nyembamba kama sindano. Haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja kwa laptopu, kwamba mimi ni ya wati 180. Yangu ilikuwa imepinda, imelala ubavuni. Nikiwa nimetulia ilikuwa inagusa. Pambano likipamba moto navuta laptopu karibu, waya unakazika, pini inaachia, laptopu inajiona imechomekwa kwenye chaja isiyoijua, inaacha kuchaji na kuibana prosesa ili isizidishe mzigo. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa, na mimi nikaenda kuziba masikio ya prosesa.

Chaja mpya ya wati zilezile ikamaliza hadithi. Tiki ya BD PROCHOT niliirudisha siku hiyohiyo, na sishauri mtu aiondoe zaidi ya kupima kwa muda mfupi, kwa sababu kengele hiyohiyo ndiyo ingepigwa kama saketi za umeme za ubao zingekuwa kweli zinachemka.

Sasa PL1 nimeishusha hadi 38 kupitia dirisha la TPL, la vikomo vya wati, ambalo kwa bahati halikufungwa, na gemu nimelifungia fremu 60. Prosesa inakaa kwenye 3.2 au 3.3 jioni nzima, joto nyuzi 80 hivi. Vidole bado vinachemka kwenye vitufe vya katikati na feni bado zinavuma.

ThrottleStop naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu dirisha lenye thamani kuliko yote limefichwa nyuma ya kitufe kidogo ambacho mgeni hana sababu ya kukibonyeza, wakati lile la kuchezea volti liko mbele likikuita. Mdogo wangu anasema na mimi nipewe nyota zangu, ila hajasema ngapi.