Uzoefu wangu na BottleDrop, Portland: kudai senti 10 za kila kopo

Oregon ndilo jimbo la kwanza Marekani kupitisha sheria ya dhamana ya chupa, mwaka 1971. Tangu Aprili 2017 dhamana ni senti 10. Kwa hiyo ukinunua kasha la makopo 24 ya soda hapa Portland, keshia anaongeza dola 2.40 juu ya bei, na ukiyatupa makopo hayo umeitupa hela yako. Ni kama dhamana ya chupa ya soda tunayoacha dukani kwetu, ila hapa hulazimiki kurudi duka lilelile, na hata chupa ya plastiki ya maji inalipwa.

BottleDrop ndio mtandao wa vituo vya kurudishia hela hiyo, na mimi nautumia zaidi kwa mifuko ya kijani. Unafungua akaunti, unanunua mifuko, unachapisha stika zenye msimbo wa akaunti yako kwenye mashine ya kituoni, unabandika moja kwa kila mfuko. Ukifika kwenye mlango wa kutupia, unasomesha msimbo, mlango unafunguka, unatumbukiza, unaondoka. Vioo, plastiki na makopo vinakaa mfuko mmoja, hakuna kuchambua. Hela inaingia kwenye akaunti ndani ya siku saba, ikiwa imekatwa ada ndogo ya kuhesabiwa kwa kila mfuko, kwa hiyo kupeleka mfuko nusu ni hasara: jaza, lakini acha nafasi ya kufunga fundo. Chupa za bia usizirundike mfuko mmoja. Shingo ya chupa hutoboa plastiki, na mfuko ukipasuka, kinachomwagika hakihesabiwi. Tia vioo vichache katikati, makopo pembeni.

Usikimbilie kuitoa hela yote taslimu. Baadhi ya supamaketi zina mashine ya BottleDrop Plus, inayokupa vocha ya manunuzi yenye nyongeza ya asilimia 20: dola 10 zinakuwa 12. Kama chakula utanunua dukani humo hata hivyo, hapa ndipo huduma hii inapolipa hasa.

Anayetaka hela leo leo aende kwenye mashine za kituoni, ambako kikomo ni vipande 350 kwa mtu kwa siku, au dirishani wanakohesabu kwa mkono hadi 50. Mashine inasoma msimbopau, basi usikanyage makopo ili yaingie mengi kwenye gunia. Kopo lililobonyea au chupa iliyobanduka karatasi hutemwa, na foleni nyuma yako haina subira. Mwaga soda iliyobaki kabla hujatoka nyumbani. Vaa glavu, sakafu na vidole vyote vinanata sukari. Asubuhi na mapema kuna nafuu. Jumamosi mchana sikushauri.

Maduka makubwa nayo hupokea, kwa kawaida hadi 144 kwa siku, na madogo 50, lakini yaliyo jirani na kituo huweza kuwa na ruhusa ya kupokea pungufu au kukataa kabisa. Uliza kwanza kabla ya kubeba mzigo kwenye basi.

Kinachowakwamisha wengi ni kutojua kipi kinalipwa. Maji, soda, bia, na tangu 2018 juisi, chai na kahawa za chupa, vyote vimo. Chupa ya mvinyo ya kioo haimo, pombe kali haimo, maziwa hayamo, hata yale ya soya. Tazama maandishi ya OR 10¢ juu ya kopo au pembeni mwa karatasi. Na makopo yaliyonunuliwa Vancouver, ng'ambo ya mto Columbia, yaache hukohuko: jimbo la Washington halitozi dhamana, na kuyaleta huku kudai senti 10 ni kosa kisheria.

Mifuko ya bluu isikuchanganye. Hiyo ni ya mashirika ya hisani, hela yake haiji kwako.