Miezi minane na chaja ya GaN: tofali limetoka begani

Napiga picha na video za harusi hapa Dar es Salaam. Nikiingia ukumbini, kabla sijamtafuta bi harusi natafuta soketi. Mara nyingi karibu na jukwaa ipo moja tu, DJ ameshaiwahi, mshereheshaji naye amechomeka simu kwenye ekstensheni ya DJ. Mimi nina laptopu, kamera na simu, na kila kimoja kilikuwa na chaja yake. Ya laptopu peke yake, na waya zake mbili, ilisoma gramu 410 kwenye mizani ya jikoni. Kijana ninayefanya naye kazi aliibatiza jina la tofali.

Ndiyo maana nikaamua kununua hizi chaja ndogo zilizoandikwa GaN, na nikaanza kwa kupigwa. Nilinunua Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, shilingi 25,000, imeandikwa wati 65 kwa herufi za dhahabu. Simu iliingia chaji vizuri. Laptopu haikuitambua kabisa. Nikampelekea fundi wangu, akachomeka kile kipimo kidogo kinachokaa kati ya chaja na waya: volti 5 zipo, volti 9 zipo, volti 20 ambazo laptopu inazitaka hazipo. Akaifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na saketi ya kawaida ya chaja ya simu, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi.

"Hiki kinafanya kazi gani?" nikauliza.

"Kinakufanya uione nzito, kaka."

Ya pili nililipa shilingi 95,000 dukani, kwa risiti. Chapa siitaji, anayeitengeneza hajanilipa. Matundu matatu, mawili ya taipu C na moja la USB la zamani. Gramu 118. Inaingia mfuko wa shati.

Fundi ndiye aliyenieleza udogo huo umetoka wapi. Chaja yoyote ya siku hizi inachukua umeme wa ukutani, inaunyoosha, kisha transista, yaani swichi ndogo ya umeme, inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde kabla ya kuupitisha kwenye transfoma. Ni kama kuchota maji: ukienda kisimani mara chache unahitaji ndoo kubwa, ukienda mbio mara nyingi hata kopo linatosha. Transista ya silikoni ikikimbizwa sana inapoteza umeme mwingi kama joto kila inapofunga na kufungua. Ya galiamu naitraidi, ambayo ndiyo hiyo GaN, inastahimili msukumo wa umeme takribani mara kumi zaidi ya silikoni, kwa hiyo inaweza kutengenezwa ndogo na inafunga na kufungua haraka bila hasara kubwa. Ukikata kwa kasi zaidi, transfoma inapungua, na transfoma ndiyo iliyokuwa inakula nafasi ndani ya tofali langu.

Kitu chenyewe si kigeni kama nilivyodhani. Taa nyeupe ya LED ninayomulikia maharusi imetokana nacho: ndani yake ni LED ya bluu ya galiamu naitraidi iliyopakwa unga unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano. LED hiyo ya bluu ndiyo iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Sasa matumizi. Laptopu ikiwa peke yake, kipimo cha fundi kilisoma volti 20 na ampea 3.2 na kidogo, yaani wati 65 kamili au karibu sana. Lakini hiyo ni kwa waya uliokuja nayo. Nilipoweka waya wa simu, ampea ziligoma kwenye 3. Waya wa taipu C unaoruhusiwa kupitisha zaidi ya ampea 3 una chipu ndogo kwenye kichwa chake inayojitambulisha kwa chaja. Chaja isipopata jibu, haivuki hapo. Wengi wanailaumu chaja wakati kosa ni la waya wa elfu tatu.

Joto lipo, usidanganywe. Hata ikipoteza wati 5 au 6 tu, zote zinatokea kwenye kitu kilicho kama kiberiti kikubwa. Nikiwa nahariri huku laptopu inachaji, siwezi kuishika mkononi zaidi ya sekunde chache. Siifuniki na kitambaa cha meza ya ukumbi, na siiweki juu ya begi.

Kuna mambo mawili yaliyoniudhi. La kwanza, ukichomeka kifaa cha pili, chaja inakata umeme kote kwa sekunde moja hivi ili igawanye upya, wati 45 huku na 20 kule. Kwa simu hutaona kitu. Mimi nilikuwa nanakili kadi ya kamera kwenda diski ya nje, vyote vimepita kwenye habu, kile kidude cha kuongeza matundu ya laptopu, inayopata umeme kutoka chaja hiyo hiyo. Kijana wangu akachomeka simu yake, habu ikazima, diski ikajitoa, na faili la kuingia ukumbini likakatika katikati. Kadi ilikuwa nzima, tukarudia, ila nilitokwa na jasho. Tangu siku hiyo nikinakili, hakuna kugusa chaja.

La pili, plagi yake ni ya miguu miwili bapa. Soketi zetu ni za miguu mitatu, kwa hiyo naishi na adapta inayolegea. Na kwa kuwa haina mguu wa ethi, ukiwa pekupeku na mkono juu ya laptopu ya bati unasikia kama wadudu wanakutambaa. Fundi anasema ni umeme kidogo mno unaovuja kupitia kapasita ya kuzuia kelele za umeme, na chaja nyingi za miguu miwili ziko hivyo. Navaa ndala, basi.

Kama una laptopu ya michezo inayotaka wati 150 na zaidi, hii ya 65 haikufai, baki na tofali lako. Kwa kazi yangu sirudi nyuma, ila ninunue nyingine ya akiba. Jumamosi iliyopita nilimwazima mshereheshaji, akanirudishia waya peke yake. Nimempigia mara tatu. Anasema ameona kitu kidogo cheupe kwenye mfuko wa suti akadhani ni sabuni ya hoteli.