Ukaguzi wa Mabomba ya Trela Iliyotumika Baada ya Majira ya Baridi: Tathmini ya Huduma ya Fundi wa Kujitegemea

Anayenunua trela ya kulala iliyotumika huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hasa kati ya Novemba na Aprili, ananunua mfumo wa maji ambao hajauona ukifanya kazi. Trela huwa imefungwa, maji yamemwagwa, muuzaji anasema kila kitu kiliandaliwa vizuri kabla ya theluji kuanguka, na hakuna koki hata moja inayoweza kufunguliwa ili mnunuzi ajionee mwenyewe. Kwa sababu hiyo nililipia huduma ya fundi wa kujitegemea, mmoja wa wale wanaokuja na vifaa vyao hadi yadini au nyumbani kwa muuzaji, ili akague trela ndogo ya ekseli moja kabla sijatoa hata dola moja ya malipo. Alikagua pia breki, paa na umeme, lakini hapa nitazungumzia mabomba peke yake, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya nimtafute. Naipa huduma yake nyota nne kati ya tano.

Wengi wetu tumekulia mahali ambapo bomba hupasuka kwa kukatwa na jembe au kwa presha ya maji yanayofunguliwa usiku, si kwa baridi, hivyo inafaa nieleze jinsi uharibifu huu unavyotokea. Maji yanapoganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Barafu ikishaziba sehemu moja ya bomba na kuendelea kukua, huyasukuma maji ambayo bado hayajaganda kuelekea kwenye koki iliyofungwa, na kwa kuwa maji hayo hayana pa kwenda, presha hupanda hadi sehemu dhaifu kuliko zote ikubali kupasuka. Ndiyo maana ufa mara nyingi hauonekani pale barafu ilipokaa, bali kwenye kiungio, kwenye mwili wa koki, kwenye kikombe cha chujio cha pampu au kwenye vali ya choo. Mabomba ya kisasa ya plastiki aina ya PEX hutanuka kidogo na kurudi katika hali yake, kwa hiyo mnunuzi anayetazama mabomba tu na kuyaona mazima anaweza kuondoka akiwa ameridhika, ilhali elbo na tii zilizoyaunganisha zimeshachanika.

Fundi alianza bila maji na bila presha, na hatua hii peke yake ilinionyesha kwamba anaijua kazi yake. Muuzaji alikuwa ametuonyesha kwa fahari ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda, iliyotuama kwenye tundu la sinki, kama uthibitisho kwamba trela iliandaliwa kwa majira ya baridi. Fundi alimweleza kwa upole kwamba dawa iliyomo kwenye kona ya bomba chini ya sinki inathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mtu aliimimina kwenye njia ya maji machafu. Haithibitishi kabisa kwamba ilipita ndani ya mabomba ya maji safi. Ili kujua hilo, kila koki hufunguliwa, upande wa moto na upande wa baridi, na kioevu cha kwanza kutoka kinapaswa kuwa cha waridi, kadhalika kwenye choo na kwenye bomba la kuogea la nje, isipokuwa kama mwenye trela alitumia njia ya kukausha mabomba kwa hewa ya kompresa. Aliongeza jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii: dawa hiyo ikichanganyika na maji yaliyobaki kwenye mabomba hupungua nguvu, na ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye galoni, nyuzi 50 za Fahrenheit chini ya sifuri, inahusu kiwango cha baridi kinachoweza kupasua bomba, kwani dawa yenyewe huanza kuwa uji wa barafu mapema zaidi.

Kwa trela yetu, dawa ya waridi ilitoka kwenye koki za jikoni na za bafuni. Kwenye bomba la kuogea la nje haikutoka hata tone.

Baada ya kumwaga kilichobaki, alifunga koki zote, akaunga kompresa kwenye mdomo wa kuungia mpira wa maji, akajaza hewa taratibu hadi psi 30, yaani pauni 30 kwa inchi ya mraba, kisha akafunga na kuiacha geji ya kupimia presha. Kipimo cha hewa kina faida kubwa katika msimu wa baridi kwa sababu kinaweza kufanywa hata nje kukiwa chini ya kiwango cha kuganda, bila kuingiza maji mapya ambayo yataharibu kile kilichookolewa. Mshale ulianza kushuka dakika chache tu baadaye. Akapita na chupa ya maji ya sabuni, akinyunyiza kwenye kila kiungio kilichofikika, nasi tukafungua makabati, tukatoa droo na kuinua godoro. Povu lilichemka mahali pawili: nyuma ya choo, na ndani ya kisanduku cha bomba la kuogea la nje.

Kipimo cha hewa, hata hivyo, hakitoshi, na hapa ndipo huduma hii ilipojipatia thamani yake. Hewa au maji yanayoingia kupitia mdomo wa nje hayarudi nyuma kupita pampu, kwa sababu pampu ina vali ndani yake inayozuia maji kurudi. Kwa hiyo tangi la maji safi, bomba linalotoka kwenye tangi, na kile kikombe chepesi cha chujio kilicho mbele ya pampu vyote hubaki bila kupimwa. Siku ya pili, joto la nje lilipokuwa limepanda vya kutosha, fundi alitia maji kwenye tangi, akawasha pampu, akasubiri ijizime yenyewe presha ilipofika, kisha akatuomba wote tunyamaze. Pampu nzima katika mfumo mzima hunyamaza. Ikiwa koki zote zimefungwa na bado pampu inanguruma kwa sekunde moja kila baada ya muda, maji yanatoka mahali fulani, au vali ya pampu inayarudisha kwenye tangi.

Jambo la hita ya maji linahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndilo linaloweza kumpotosha hata mnunuzi makini. Trela inapoandaliwa kwa baridi, tangi la hita humwagwa na vali za nyuma yake huwekwa katika namna ya kuiruka, ili dawa isijae bure kwenye tangi la galoni 6. Vali hizo zikiachwa hivyo, maji ya majaribio yatapita kando ya hita, kila koki itatoa maji, presha itasimama vizuri, na hita haitakuwa imeguswa kamwe. Yadi iliyokuwa ikituuzia trela ilikuwa na karatasi yake ya ukaguzi iliyosema kwamba mfumo wa maji umejaribiwa na kupita. Fundi alifungua ubao mdogo chini ya kitanda, akamulika tochi, akatuonyesha kwamba vali zilikuwa bado katika namna ya kuiruka hita na kwamba vumbi lililozizunguka halikuwa limeguswa. Jaribio lao, kama lilifanyika, halikuihusu hita. Hita yenyewe ilikuwa ya Suburban, yenye tangi la chuma na fimbo ya kuzuia kutu ambayo pia ndiyo kizibo cha kumwagia maji. Aliichomoa kwanza kuhakikisha kwamba tangi lilikuwa tupu kweli, maana tangi lililoachwa na maji huvimba na kuchanika mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi, kisha akairudisha, akageuza vali na kujaza. Hita ilishika maji bila tatizo, na hilo lilikuwa jambo la kutuliza moyo, kwa sababu kubadilisha hita ni gharama ambayo ingetosha kuua biashara yote.

Nilivutiwa hasa na jinsi alivyotafuta maji kwa tishu kavu. Kidole hakitambui unyevu mdogo kwenye bomba baridi, lakini tishu nyeupe huonyesha tone hata likiwa dogo kama kichwa cha pini. Aliipitisha chini ya kila kiungio, akaitazama, akachukua nyingine. Nyuma ya choo, ufa kwenye vali ya plastiki ulikuwa mwembamba kiasi kwamba haukuonekana hata kwa tochi, ila tishu ilitoka na mstari wa unyevu, na alipokanyaga pedali ya kusukumia maji mstari huo ukageuka kuwa matone yanayofuatana. Vali ya choo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kupasuka katika trela, kwa kuwa hubakiza maji kidogo ikiwa hakuna aliyekanyaga pedali wakati wa kumwaga mfumo. Bomba la kuogea la nje nalo husahaulika kwa sababu liko kwenye kisanduku chake ukutani, na mtu anayeandaa trela upesi jioni ya Oktoba hufunga koki za ndani na kwenda zake.

Uvujaji wa aina hii ukidumu msimu mmoja bila kugunduliwa, gharama haiwi tena ya vali. Maji huingia kwenye plaiwudi ya sakafu na kwenye kuta zilizogundishwa kwa tabaka, sakafu ikalegea na ukuta wa nje ukaota malengelenge. Fundi alikanyaga kwa kisigino pembezoni mwa choo, chini ya sinki na mbele ya bafu, kisha akatumia kipima unyevu chenye sindano mbili. Sakafu yetu ilikuwa kavu, ikimaanisha kwamba ufa ulikuwa wa majira yaliyopita tu. Alitazama pia rangi ya mabomba, kwa kuwa trela za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zinaweza kuwa na yale ya kijivu ya polibutilini, ambayo yana historia mbaya ya kuvuja hata bila baridi. Yetu yalikuwa mekundu na ya buluu.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu mbili ambazo naziona ni nzito. Kwanza, hakujaza matangi ya maji machafu. Aliyamulika na kuyagonga, akavuta vali zake, akaandika kwamba hakuna dalili ya ufa. Maji yaliyobaki kwenye matangi hayo huganda vilevile, na vali zake za kuvuta hupasuka, kwa hiyo kulijaza angalau lile la maji ya sinki na kulitazama kwa nusu saa lingekuwa jambo la haki kwa mteja anayelipa karibu dola 400. Pili, ripoti aliyonitumia ilikuwa na picha nyingi nzuri za viungio, lakini picha kadhaa hazikuandikwa ni za sehemu gani, na nililazimika kumpigia simu kuuliza elbo ya picha fulani iko chini ya sinki au nyuma ya bafu. Muuzaji anapobisha bei, picha isiyo na anwani haimsaidii mnunuzi. Kwamba hakufungua ngozi ya plastiki iliyofunika tumbo la trela simlaumu, kwa kuwa muuzaji hakukubali ikatwe, naye aliandika wazi kwamba sehemu hiyo haikukaguliwa.

Je, gharama hii inamfaa kila mtu? Kwa trela ya dola 15,000 nasema bila kusita kwamba inafaa. Kwa trela ya zamani ya dola 3,000 ada hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya bei, na mnunuzi mwenye subira anaweza kuazima kompresa ndogo, kununua geji na kiunganishi cha mpira, kuchanganya sabuni, na kufanya sehemu kubwa ya kazi hii mwenyewe, mradi ahakikishe vali za hita zimegeuzwa na pampu imejaribiwa kwa maji kutoka tangini. Anayenunua Januari, wakati maji hayawezi kutiwa kabisa, aombe kwa maandishi kwamba sehemu ya bei izuiliwe hadi jaribio la maji lifanyike baada ya barafu kuyeyuka. Watu binafsi hukubali mara nyingi zaidi kuliko yadi, na yadi nyingi zina kauli moja tu, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Wala asijidanganye mtu kwamba trela iliyotoka kusini iko salama. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas, umeme ukakatika kwa siku kadhaa na mabomba ya nyumba nyingi yakapasuka, katika jimbo ambalo wenye trela hawakuwa na mazoea ya kumwaga maji. Tangazo linalosema trela haijawahi kuona theluji linahitaji kupimwa kwa geji ileile.

Kwa upande wetu, yadi ilibadilisha vali ya choo na koki ya kuchanganyia maji ya moto na baridi ya bomba la nje kwa gharama zao baada ya kusoma ripoti, na fundi alirudi kupima upya kwa nusu ya ada, safari hii hita ikiwa ndani ya mzunguko tangu mwanzo. Mshale ulisimama pale alipouweka. Wanaotaka kumtumia fundi wa aina hii huku kaskazini wapange miadi mwanzoni mwa Aprili, kwa sababu ikifika Mei, kila mwenye trela anafungua mabomba yake na mafundi hao hao ndio wanaoitwa kuyaziba. Wamuulize kabla ya kulipa kama atajaza matangi ya maji machafu, na jibu lake liandikwe kwenye makubaliano.